Elimu ya Afya ni Amana: Tuiandike Pamoja, Tuihakikishe Pamoja

Mtu akifa na kuacha mali, warithi wake huigawa kwa mujibu wa sheria. Lakini mtu akifa na elimu aliyoificha kifuani, hapana kadhi wala mrithi awezaye kuigawa. Huzikwa pamoja naye. Ni wazee wangapi waliojua dalili za maradhi ya watoto, na wakunga wangapi waliojua saa ya kumkimbiza mzazi hospitali, ambao leo wako kaburini na elimu yao haikubaki popote?

Sisi watu wa Tanga tuna mfano mwema wa elimu iliyotolewa kifuani ikawekwa mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukienea ilhali dawa za kupunguza nguvu za virusi hazijatufikia, matabibu wa hospitali na waganga wa miti shamba wa Pangani na Tanga walikaa pamoja. Katika ushirika huo likapatikana kundi lililojulikana kwa jina la Tanga AIDS Working Group, likifanya kazi zake katika Hospitali ya Bombo. Waganga walionyesha miti yao, na matabibu wakatazama hali za wagonjwa. Dawa hizo hazikuuponya ukimwi wenyewe. Zilikusudiwa kupunguza taabu za maradhi yanayouandama, kama ya ngozi na ya kinywa. Lakini faida kubwa ilikuwa ni hii: watu wawili waliokuwa wakidharauliana walikubali kusikilizana, na kila mmoja akakubali kuulizwa, “Umejuaje?”

Leo kiko chombo kinachoweza kuupeleka ushirika wa namna hiyo mbali zaidi. Chombo hicho huitwa wiki. Neno hili tusilichanganye na wiki ya siku saba; limetoka katika lugha ya watu wa Hawaii, na maana yake ni upesi. Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyelitumia kwanza mwaka 1995, kuwa jina la kitabu kilichomo katika intaneti ambacho kila msomaji aweza kuwa mwandishi wake. Aonaye kosa hulisahihisha, na aonaye upungufu huujaza. Kilicho mashuhuri kuliko vyote vya namna hii ni Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001. Na tangu mwaka 2003 iko Wikipedia ya Kiswahili, yenye makala makumi ya maelfu zilizoandikwa na watu wanaojitolea bila ya ujira.

Baadhi yetu watauliza: Kitabu anachoandika kila mtu kitaaminiwaje katika jambo la uhai? Swali hili ni la haki, na yafaa tulipime kwa mfano mmoja. Mtoto akiharisha sana, naye pakiti ya chumvichumvi ya zahanati haipo, mama hufundishwa kutengeneza maji haya nyumbani: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo. Dawa hii ni nyepesi, na imeokoa roho nyingi mno. Katika nchi ya Bangladesh, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1980, wakawafundisha mama zaidi ya milioni 12 maji ya namna hiyo. Sasa fikiri, mtu mmoja kwa ujinga au kwa mzaha ageuze nusu kijiko kuwa vijiko vitatu. Chumvi nyingi humzidishia mtoto ukavu, na yaweza kumwua. Kosa la tarakimu moja tu!

Dawa ya khatari hii Waislamu tunaijua tangu zamani. Wanazuoni wa Hadithi hawakulipokea neno kwa kuwa ni zuri au kwa kuwa limezagaa. Waliuliza limetoka kwa nani, naye alilipokea kwa nani, na watu hao ukweli wao na hifadhi yao ilikuwaje. Hiyo ndiyo isnadi. Wiki iliyotengenezwa vizuri ina jambo linalofanana na hilo: kila badiliko huandikwa siku yake, saa yake na jina alilojiita mwandishi, na maneno ya awali hayapotei, bali yaweza kurudishwa mara moja. Katika Wikipedia ya Kiingereza, waandishi wa makala za tiba wamejiwekea sharti la kutegemea vitabu vya fani na mapitio ya tafiti nyingi, si uvumi wala tangazo la mwenye duka. Linganisheni na ujumbe wa simu unaoruka kutoka kundi hata kundi, usiojulikana baba wala mama, ukisema mzizi fulani huponya kila maradhi. Upi ulio na isnadi?

Liko na jambo ambalo wageni hawawezi kutufanyia. Mama wa pwani ambaye mwanawe anakakamaa na kugeuza macho hatafuti makala yenye jina la Kilatini. Yeye anajua degedege. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 juu ya Wilaya ya Bagamoyo ulieleza kwamba watu waliiona degedege kuwa ni maradhi mbali na malaria, na aghlabu waliitafutia tiba kwa waganga kabla ya hospitali. Kumbe mara nyingi ni malaria kali, na kila saa inayopita ni khatari! Basi habari hii haina budi iandikwe chini ya jina degedege, kama vile ya matende na mabusha, kwa maneno ambayo bibi wa Pangani, Muheza au Mkinga akisomewa na mjukuu wake ataelewa.

Kazi hii yawafaa vijana wetu. Kijana mwenye simu na akae na mkunga mstaafu, na muuguzi wa zahanati, na mwalimu wa Kiswahili. Waandike dalili za khatari, na zahanati iliyo karibu na saa zake za kazi, na siku za chanjo. Kisha wampe tabibu asome kabla ya watu kusoma, na wataje walikoitoa kila habari. Na wajihadhari na jambo moja: jina la mgonjwa na siri yake visiandikwe kamwe, kwani hiyo nayo ni amana. Wala mtu asidhani kwamba ukurasa ni badala ya tabibu, ukurasa bora ni ule unaomwambia mama wazi, “Hapa usingoje, nenda hospitali sasa.”

Sadaka ya mali huishia kwa aliyeipokea, lakini elimu iliyoandikwa kwa ukweli huwafikia watu ambao mwandishi hatawaona maisha yake yote. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu moyo wa kusema wanayoyajua, na vijana wetu moyo wa kuuliza, “Umejuaje?” kabla ya kuandika. Amin.