Beto ya chumba: hesabu kwanza, simenti baadaye
Ndugu zangu, fundi akisema «leta mifuko 15, tutaona», usitoe dola bado. Chukua mita. Chumba cha mita 4 kwa 3, sakafu ya sentimita 10: 4 × 3 × 0,10 = mita za ujazo 1,2. Ongeza 10% ya ile itakayomwangika: 1,32. Beto ya kilo 350 inakula mifuko 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Basi 9,24, nunua 10. Ile mitano ya ziada ingetoka Kasindi kwa usafiri wako, halafu huku Alimbongo, na hii baridi na ukungu, igeuke jiwe ndani ya mufuko!

Kwa kila mufuko: ndoo 3 za mchanga, 6 za graviye (ndoo ya lita 20), maji lita 25 hivi. Mchanga ukilowa mvua, punguza maji.