Golikipa Aliyeweka Nishani Zake Rehani

Mwezi wa Juni, wakati baridi ya Njombe inapokaza vidole hata kalamu haishikiki, wasichana wa vijiji viwili walicheza mpira katika uwanja mmoja karibu na Makambako. Golikipa wa upande mmoja aliinama kuudaka mpira wa chini, akapigwa goti la kichwa, akaanguka. Wakammwagia maji, akasimama, watu tukapiga makofi, mchezo ukaendelea. Nasema tukapiga, maana nami nilikuwapo. Jioni yule binti akatapika mara mbili, na kila mara akawa anauliza nani ameshinda. Akiambiwa, baada ya kitambo anauliza tena. Mungu ashukuriwe, alipona. Lakini tangu siku ile nimekumbuka mara nyingi habari za golikipa mwingine, wa nchi ya mbali, aliyepigwa goti vilevile, nami naona yafaa ndugu wasomaji wazijue.

Jina lake Briana Scurry. Alizaliwa mwaka 1971 huko Minneapolis, Marekani, akakulia mji mdogo wa Dayton, ambako watu weusi walikuwa wachache mno. Timu ya wasichana haikuwapo, basi akacheza na wavulana. Mwalimu wao akafikiri, huyu mtoto wa kike tumweke golini, huko ndiko salama. (Aliyewahi kusimama golini na acheke.) Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka minane, aliwaona katika televisheni vijana wa nchi yake wakiwashinda Warusi katika mchezo wa magongo juu ya barafu, kwenye Michezo ya Olimpiki. Pale pale akatia nia kwamba siku moja naye atakwenda Olimpiki. Wazazi wake hawakumkatalia.

Akasoma hadi chuo kikuu cha Massachusetts, na mwaka 1994 akaanza kulinda goli la taifa. Mwaka 1996 timu yao ikapata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Lakini siku iliyolitangaza jina lake duniani ni tarehe 10 Julai 1999, katika fainali ya Kombe la Dunia huko Pasadena, mbele ya watu zaidi ya 90,000. Marekani na China walicheza dakika 120 bila goli hata moja, ikabidi wapigiane penalti. Kwa desturi Scurry hakuwatazama wapigaji usoni. Lakini alipokuja Mchina wa tatu, Liu Ying, alimtazama jinsi anavyotembea, akajua moyoni kwamba ndiye huyu. Akaruka kushoto, akaupangua mpira. Wapo wanaosema alitoka mbele ya mstari kabla mpira haujapigwa, na kweli picha zaonyesha hivyo. Ila mwamuzi hakupiga filimbi. Marekani wakashinda kwa penalti 5 kwa 4.

Mwaka 2004 baba yake alifariki, na mwaka huohuo akapata nishani ya pili ya dhahabu huko Athens, Ugiriki. Kwa jumla aliichezea nchi yake zaidi ya mara 170. Hayo ndiyo watu wanayoyasimulia.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Tarehe 25 Aprili 2010, akiichezea timu ya Washington Freedom, aliinama kuudaka mpira wa chini, na mshambuliaji aliyekuwa akikimbia akamgonga kwa goti kwenye panja la kulia. Hakuzimia, wala damu haikumtoka. Aliendelea kucheza hadi mapumziko, huku anaona kama uwanja unapepesuka. Hakucheza tena maisha yake yote.

Mtu akivunjika mguu, jirani huuona mguu. Ubongo ukitikisika ndani ya fuvu, jirani haoni kitu. Scurry aliumwa kichwa mchana na usiku kwa muda wa miaka mitatu, akasahau maneno, usingizi ukampotea, huku akivutana na watu wa bima juu ya gharama za matibabu. Fedha zikamwishia. Akazichukua nishani zake mbili za dhahabu, akaziweka rehani kwa dola 18,000. Watu wa kwetu twajua maana ya kuweka rehani: wengine wameweka shamba, wengine baiskeli au cherehani ya mama. Lakini huyu aliweka kitu alichokiota tangu ana miaka minane. Mwenyewe amesimulia kwamba siku moja alifika ukingoni mwa maporomoko ya maji akiwa amekata tamaa ya kuishi, na kilichomrudisha ni kumwaza mama yake.

Mwaka 2013 madaktari wa Washington wakampasua kisogoni na kuufungua mshipa wa fahamu uliokuwa umebanwa, na maumivu yale yakapungua. Nishani zake nazo zilikombolewa. Mwaka 2014 alitoa ushuhuda mbele ya wabunge wa Marekani juu ya majeraha ya kichwa kwa wanamichezo, na mwaka 2017 akachaguliwa kuingia katika jumba la heshima la mpira la nchi yake, mwanamke mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Mwaka uleule wa 2010 alioumia, wasichana wetu wa Twiga Stars walikwenda kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya Afrika, Afrika Kusini. Walirudi tena kwenye mashindano hayo Julai 2025 huko Morocco, wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Afrika Kusini. Tangu hapo mabinti wa huku wanaotaka mpira wameongezeka, na uwanja wenyewe mwaujua: nguzo za mlingoti na ardhi ngumu kama sakafu.

Basi akina baba na akina mama, mtoto akipigwa kichwa, awe wa kike au wa kiume, atolewe uwanjani na asirudi siku ile, hata akisema yu mzima. Akitapika, akisinzia ovyo, akirudiarudia swali moja, au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali usiku uleule, msingoje kuche.

Yule binti wetu alikaa majuma matatu bila kugusa mpira, kisha akarudi golini. Siku hizi baba yake husimama nyuma ya nguzo, na binti akianguka tu, mzee huingia uwanjani bila kungoja ruhusa. Mwamuzi amekwisha lalamika mara mbili.