Nani huandika historia ya ukoo? Kutoka Mombasa hadi Buyenzi

Mjini Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, wako wazee wanaoweza kutaja majina ya babu zao hadi Ujiji, na wengine hadi Oman. Mengi ya majina hayo yamehifadhiwa vichwani, si vitabuni.

Kwa koo za Kiarabu za Afrika Mashariki, historia huanzia kwenye nasaba: fulani bin fulani. Mwandishi huikusanya pamoja na barua, hati za mashamba na masimulizi ya wazee, kisha hulazimika kuchagua. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufariki kwake mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, uliotawala Mombasa hadi mwaka 1837, ulipong'olewa na Albusaidi. Hiyo ni sauti ya walioshindwa, na ni nadra kuisikia.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yeye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Pembe, madeni na vita vimo, tena kwa utulivu wa mfanyabiashara. Waliotekwa hawapewi nafasi ya kusema.

Mshirika wake, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza, alikuwa na nguvu Ujiji lakini alishindwa kuiteka Burundi ya Mwami Mwezi Gisabo. Habari zake zimetufikia zaidi kupitia wamisionari, maafisa wa Kizungu na masimulizi ya Warundi. Hivyo, anayetafuta leo habari za wafanyabiashara hao wa ziwani huzisoma kwa kalamu ya mahasimu wao, kalamu isiyokuwa na huruma.

Hata hivyo, kujiandikia kuna mitego yake. Nchini Jordan, mtafiti Andrew Shryock alikuta makabila ya Adwan na Abbad yakisimulia vita vilevile kwa namna zinazopingana. Maneno ya barazani huvumiliana, lakini yakichapishwa, upande mmoja hujiona umenyang'anywa heshima.

Buyenzi ina mtego wa ziada. Nasaba hufuata baba, ilhali wengi wa waliofika ziwani walioa wenyeji. Mama Mrundi au Mmanyema hana mahali katika mnyororo wa "bin", ingawa ndiye aliyewaunganisha watoto na nchi hii. Majina ya akina mama hao, pale yanapokumbukwa, hukumbukwa zaidi na mabibi, ambao waandishi wa nasaba hawakuwa na desturi ya kuwauliza.