Tumbo Limejaa, Ng'ombe Anakonda

Septemba, ukipita Nzega au Igunga, mkoani Tabora, nyasi bado zipo, ndefu na kavu. Ng'ombe wanazila kutwa, lakini mbavu zinahesabika. Sababu inajulikana. Ng'ombe hameng'enyi nyasi peke yake. Tumboni mwake mna vijidudu vinavyozivunja, navyo vinahitaji protini. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hudhoofika, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hupunguza kula. Nyasi zilizokomaa wakati wa kiangazi mara nyingi huwa chini ya kiwango hicho.

Mikunde ina bahati nyingine. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 imejulikana kwamba vinundu vya mizizi yake hukaliwa na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ndiyo maana jani la mkunde hubaki na protini hata mvua zikikatika, mradi halijapukutika.

Basi nyasi na mikunde zichanganywe, lakini za aina ngapi? Huko Minnesota, Marekani, ukame wa 1988 uliwakuta wataalamu wakipima vipande vya mbuga. Vyenye mimea ya aina nyingi vilipungukiwa kidogo kuliko vyenye aina chache, vikarudi upesi. Atakayesema Minnesota kuna theluji nyingi mno kutufundisha sisi ana hoja. Ila mwaka 2012 ulitoka utafiti wa maeneo makavu 224 duniani, Kenya ikiwamo: penye aina nyingi za mimea ya kudumu, udongo ulielekea kutunza rutuba vizuri zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, na Tabora hupata mvua nyingi kuliko mengi ya maeneo hayo. Tuuchukue kama dokezo.

Pa kulijaribia dokezo hilo tunapo tayari: ngitili. Wasukuma wamezoea kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai. Katika Shinyanga jirani, baada ya mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1986, ngitili zilirejea kwenye zaidi ya hekta 300,000. Mama anayetegemea kibuyu cha maziwa Oktoba haihitaji hesabu hiyo. Anajua ng'ombe wake analala wapi na amekula nini. Mwanafunzi naye anaweza kuweka fremu ya mita moja mraba ndani ya ngitili na nyingine nje yake, ahesabu aina.

Mimea ya kigeni tuipime kwanza. Miembe ya Tabora ililetwa na watu wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji karne ya 19, ikatufaa. Lakini nyasi moja ya asili ya Afrika, Cenchrus ciliaris, inadhaniwa kufika Australia karne hiyohiyo ikiwa imejazwa kwenye matandiko ya ngamia wa misafara. Leo huko, na Arizona pia, inafukuza mimea ya asili na kuchochea moto. Anayetaka kuongeza mikunde aanze na ile inayoota yenyewe kijijini, kwenye kipande kidogo, bila kulima ngitili nzima. Na mwaka wa kwanza mifugo isiingizwe kabla mbegu hazijaanguka.