Naruto wa kwanza alikuwa mbweha mwenyewe

Wengi wetu tulimjua Naruto kupitia katuni za televisheni, tena kwa Kifaransa. Historia yake tunaijua kwa kichwa: yatima, mbweha wa mikia tisa amefungwa ndani yake, kijiji kizima hakitaki hata kumwangalia. Kumbe Naruto wa kwanza kabisa hakuwa hivyo.

Mwaka 1997 Masashi Kishimoto alitoa hadithi fupi katika Akamaru Jump, jarida la Japani lenye kujaribu wachoraji wapya. Jina lilikuwa lile lile, Naruto. Lakini yule kijana alikuwa mbweha mwenyewe, mtoto wa damu wa yule mnyama wa mikia tisa. Sasuke hayumo. Naruto anatumwa mjini atafute mtu mmoja wa kuaminiana naye, anaangukia kwa mchoraji asiyeamini mtu, na hadithi ni hiyo.

Weekly Shonen Jump ilipoanza kumtoa kila juma, mwaka 1999, asili ilikuwa imegeuzwa. Sasa Naruto ni mtoto wa watu. Mbweha alivamia Konoha, na Hokage wa Nne, ndiye chifu wa kijiji, akafa akimfungia yule mnyama ndani ya mtoto mchanga. (Miwani kubwa ya kwenye paji la uso nayo iliondoka, ukaingia utepe wenye bamba la chuma, juu kuchora ile miwani kulikula muda mwingi. Sababu zingine ni ndogo tu hivyo.)

Sasa angalia vile badiliko la asili linafanya kazi, tangu sura ya kwanza. Mizuki anamfichulia Naruto siri, anamwambia yeye ndiye mbweha aliyeua watu. Mwalimu Iruka, ambaye wazazi wake waliuawa na huyo mbweha, anakataa: huyu ni Naruto, mtu wa Konoha. Kijana anasikia na kulia. Katika hadithi ya 1997, Iruka angekuwa anasema uongo. Ili maneno yake yawe kweli, ilipaswa mnyama na mtoto wawe wawili.

Tena kuna sheria ya Hokage wa Tatu: hakuna mtu kuongea habari ya mbweha. Wazazi walinyamaza, lakini macho yao hayakunyamaza, na watoto wao wakaiga kumchukia mwenzao bila kujua juu ya nini. Kwangu mimi, hapo ndipo Kishimoto alipata hadithi yake. Mtoto wa mbweha akiogopwa, tunaelewa. Huyu anaadhibiwa kwa mzigo aliobebeshwa akiwa hajui hata kusema.

Asili yake haikuishia hapo. Miaka mingi tulisoma habari ya mtoto asiye na jina kubwa nyuma yake, aliyeanguka mtihani mara tatu. Ndiyo maana alipopigana na Neji, kijana wa akili wa ukoo wa Hyuga aliyeamini kwamba mtu anazaliwa na njia yake imekwisha kupangwa, ushindi wake ulikuwa na uzito. Alimpiga kwa mbinu ya kujigawa, ile ile ya somo lililokuwa linamwangusha.

Halafu, katika vita na Pain, Naruto anaambiwa Hokage wa Nne ni baba yake. Kumbe ni mtoto wa mkubwa! Wasomaji wengi walikasirika. Mimi hilo ninalikubali, juu linaongeza kidonda: aliyemfungia mbweha tumboni ni baba mzazi, na Naruto, wakati wa kukutana naye, anaanza kwa kumpiga ngumi. Lakini karibu na mwisho anageuzwa pia kuwa Asura aliyezaliwa upya, mtoto wa yule mzee wa kale, baba wa ninja wote. Hapo Kishimoto alizidisha. Alimpa Neji haki kwa nyuma.

Neji mwenyewe alikuwa amekwisha kufa vitani akimkinga Naruto. Habari ya Asura hakuisikia.