Shilingi 15 kwa siku: hesabu ya fedha za ukame kaskazini mwa Kenya

Februari 2017 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba zaidi ya kaya 12,000 za wafugaji katika kaunti sita, zikiwemo Wajir na Turkana, zingelipwa shilingi milioni 214 kwa ajili ya ukame. Jukwaani, milioni 214 ni fedha nyingi. Zigawe kwa kaya 12,000, kila moja inapata 17,833 hivi.

Fedha hizo zilitoka kwenye mpango wa serikali wa bima ya mifugo, ulioanza 2015. Chini ya mpango huo serikali ilimlipia mfugaji ada yote ya bima, lakini kwa vipimo vitano tu vya mifugo. Kipimo kimoja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi na kondoo kumi. Kila kipimo kilithaminiwa shilingi 14,000 kwa mwaka, hivyo kilele cha malipo kwa kaya ni 70,000. Wastani uliolipwa ni kama robo yake: 3,567 kwa ng'ombe, 357 kwa mbuzi.

Hakuna anayenunua mbuzi kwa 357, wala bima haikukusudia hivyo. Nia yake ni kumwezesha mfugaji kununua majani, maji na dawa kabla mnyama hajafa. Ndiyo maana haihesabu mizoga: setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kizingiti cha eneo, fedha hutoka. Hapa pana dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha zitawahi. Ya pili, ambayo mimi naitilia shaka zaidi, ni kwamba majani ya kununua yapo, na kwa bei ya kawaida, wakati kaunti nzima imekauka.

Mkondo wa pili wa fedha za ukame ni mkubwa zaidi. Mpango wa HSNP wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu, ulio chini ya mamlaka ya ukame, NDMA, ulikuwa ukilipa takriban kaya 100,000 za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera shilingi 5,400 kila miezi miwili. Kwa mwaka zilikuwa bilioni 3.24, mara 15 ya yale malipo ya bima.

Tukichukua watu sita kwa kaya, 2,700 za mwezi ni 450 kwa kila mtu, yaani shilingi 15 kwa siku. Wanufaika wanakuwa 600,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 3,035,481 katika kaunti hizo nne. Ni mmoja kati ya watano. Ukame ukizidi, kaya nyingine huongezwa kwa muda, hadi nusu ya zote. Ukifikia kiwango cha juu kabisa, robo tatu.

Malipo ya kwanza, 2009, yalikuwa 2,150 kwa miezi miwili: asilimia 75 ya thamani ya mgawo wa chakula cha msaada kwa bei za 2006. Yalipandishwa mara kadhaa hadi kufikia 5,400 mwaka 2016. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, ambayo si mbali na wastani wa Kenya, 2,700 ya 2016 ilinunua vitu vya 1,800 tu kufikia 2023.

Sasa hasara. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulisemekana kuua mifugo milioni 2.6 yenye thamani ya shilingi bilioni 226. Gawanya: karibu 87,000 kwa mnyama. Kwa mifugo ambayo mingi ni mbuzi na kondoo, wastani huo hauaminiki kirahisi, labda kama umebeba pia maziwa na mapato yaliyopotea. Upande wa bima, mbuzi yuleyule alithaminiwa 1,400. Anayelipa na anayeomba msaada hawapimi kwa mizani moja.

Tena, kwenye bima hiyo, katika eneo moja lililopimwa na setilaiti kila kaya iliyosajiliwa ililipwa sawa. Mwenye ng'ombe watano, kwa ule wastani wa 2017, angepata 3,567 kwa kila mmoja. Mwenye arobaini angepata 446. Aliyepoteza wote na asiyepoteza hata mmoja wangepokea kiasi kilekile.