Ringi kubwa si dawa ya tope

Mvua za vuli zikianza Karagwe na Kyerwa mwezi Septemba, mwenye gari dogo huanza kuulizia matairi. Lami ya Kyaka hadi Bugene haimpi shida. Shida huanza akishaiacha lami na kushika barabara za udongo za Kyerwa, ambako malori ya ndizi na maharage yamechimba mifereji. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kufunga ringi kubwa na tairi pana. Kabla hajalipa, apige hesabu kidogo.

Tuchukue Toyota Vitz ya toleo la pili, la mwaka 2005 hadi 2010. Nyingi zilitoka kiwandani na tairi la 165/70R14. Hiyo 165 ni upana kwa milimita. 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 115 na nusu. 14 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na ringi, utapata kipenyo cha tairi zima: milimita 587 hivi.

Sasa lifungie gari hilo ringi ya inchi 16 na tairi la 195/45R16. Kipenyo kinakuwa milimita 582. Gari halijanyanyuka, limeshuka kidogo. Ubavu nao umebaki milimita 88 tu, na ubavu ndio unaomeza kishindo gari linapotua shimoni au juu ya jiwe. Ukiwa mfupi, kishindo kinahamia kwenye ringi na shokapu. Ringi hupinda, na tairi huota nundu ubavuni. Ule upana pia hausaidii: tope likiwa jepesi juu ya udongo mgumu, tairi jembamba hulikata na kushika chini, lakini pana huelea juu yake.

Anayetaka kulinyanyua gari abaki na ringi zake za 14, kisha aulizie 175/70R14. Kipenyo kinafika milimita 601, na tumbo la gari linapanda milimita 7. Ongezeko hilo ni asilimia 2.4, nalo liko ndani ya asilimia 3 ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ndiyo mpaka. Ukienda hadi 185/70R14 umezidisha, maana ongezeko linakaribia asilimia 5. Spidomita ikisoma 80 wewe uko 84, na injini ndogo inahema mlimani kwa gia ileile. Hata kwa 175, jaribu kwanza: pakia watu wanne, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, usikilize kama tairi linasugua madigadi.

Kuna mtego mwingine, nao unatoka Japani. Sehemu za kaskazini, kama Hokkaido, watu hufunga matairi ya theluji kila majira ya baridi, na baadhi yake hutufikia kama mitumba au yakiwa yamefungwa kwenye magari. Mnunuzi akiona kashata nene hudhani amepata tairi la tope. Tazama ubavuni: neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, ndiyo alama. Tazama na kashata zenyewe. Kila moja ina mikato mingi myembamba, kana kwamba imepitishwa wembe. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usikakamae joto linaposhuka chini ya nyuzi 7. Mchana wa Karagwe uko mbali sana na baridi hiyo. Katika joto letu mpira huo hulegea, kashata huisha upesi, na kwenye lami iliyolowa gari huchelewa kusimama. Herufi M+S zikiwa peke yake zisikutishe, kwani hata matairi ya misimu yote huwa nazo.

Ukiwa bado umechuchumaa hapo, soma mambo mawili zaidi. Tarakimu nne ndani ya duara refu ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukakamaa na kupasuka hata kama kashata bado ndefu. Namba inayofuata saizi ni uwezo wa kubeba: 81 ni kilo 462 kwa kila tairi. Usishuke chini ya namba iliyokuja na gari, hasa kama unabeba abiria na mikungu ya ndizi kwenye buti.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva, mara nyingi kwa kPa. Kipimo cha fundi kikiwa cha psi, gawanya kwa 6.9: kPa 230 ni psi 33.

Fedha za ringi za urembo zingetosha kuanzia matairi mapya ya saizi sahihi. Zikitosha mawili tu, yafunge nyuma, ingawa Vitz nyingi huvuta kwa mbele. Mbele ikigoma kupanda kilima, wasukumaji hawakosekani. Nyuma ikishachomoka kwenye mteremko wenye utelezi, hakuna wa kuirudisha.